Msomaji wa Kwihara

Mtu atokaye Gongoni, mjini Tabora, hahitaji safari ndefu kufika Kwihara, kwenye tembe alimokaa David Livingstone mwaka 1872. Stanley alipoondoka kurudi pwani mwezi Machi, mzee huyo alibaki akingoja wapagazi hadi Agosti. Kabla ya hapo, alipokwama Manyema, alikwisha kuisoma Biblia nzima mara nne. Jambo hilo aliliandika mwenyewe katika kumbukumbu zake.

Mtafiti hasomi hivyo. Mtafiti huchukua sura moja akaipasua mpaka mifupa. Arudiaye kitabu kizima mara nne, naye ni mgonjwa na yu mbali na kwao, anatafuta wa kukaa naye. Watu wa Tabora wanalielewa hilo pasipo kufunzwa: ahitimishaye Kurani mwezi wa Ramadhani kisha akaanza upya hatafuti habari. Katika Kiswahili, kusoma ni ibada tangu zamani.

Hata hivyo, Livingstone huyo huyo alikuwa tabibu na mpimaji wa nchi. Huko Manyema aliota kuvumbua masalio ya Meroe yatakayothibitisha habari za Musa, na aliuamini mto Lualaba kuwa ndio chanzo cha Nili. Kumbe maji yale ni ya Kongo! Alifariki Chitambo mwezi Mei 1873 pasipo kuona jiwe hata moja la Meroe. Watu wake walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda. Imani iliyoegemezwa juu ya magofu ingalianguka zamani.

Lakini wanaousifu usomaji mnyofu nao wana deni wasilolitaja. Mama afunguaye Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952 anakula chakula kilichopikwa na wengine. Neno moja la Kiyunani, *pneuma*, lina upepo, pumzi na roho ndani yake. Yupo aliyekesha akichagua lipi liandikwe wapi.

Tena njia ipitayo Tabora ilikuwa njia ya pembe na ya watu waliouzwa. Agosti 1872 alifika Kwihara Jacob Wainwright, Myao aliyekombolewa utumwani na kusomeshwa Nasik, India. Ndiye aliyesoma sala za maziko pale Chitambo, moyo wa Livingstone ulipozikwa. Sasa, mtu kama huyo na aufungue waraka wa Paulo kwa Filemoni. Mtumwa Onesimo anarudishwa kwa bwana wake. Marekani, wenye watumwa waliusoma kwa unyofu kabisa, wakaishia hapo. Paulo, hata hivyo, anaomba Onesimo apokewe kama ndugu, si kama mtumwa tena. Je, ndugu anaweza kumilikiwa? Swali hilo halikuzaliwa maktabani. Aliyewahi kuwa mali ya mtu analiuliza akiwa bado amepiga magoti.