Mitutu ya Bunduki Nyingine

Kila mahindi yanapobeba hapa Uchindile, na nguruwe pori wakaanza kuvamia mashamba, hanikosi kijana mwenye swali lile lile. Ana bunduki ya mitutu miwili iliyotoka kwa mzee wake, kibali anacho, ila mtutu mmoja umeliwa na kutu. Sasa kasikia kuna mtu anauza mitutu ya bunduki nyingine, geji 12 kama yake, kwa bei ya kutupa. "Babu, si inaingia tu?"

Kuingia, inaweza ikaingia, mjukuu wangu. Mfuniko wa sufuria ya jirani nao hukaa juu ya sufuria yako, mvuke ukapita pembeni na ubwabwa ukaiva. Lakini mvuke wa bunduki ni moto wenye mgandamizo mara mia kadhaa ya hewa tunayovuta, na mwanya wake uko mbele ya macho yako.

Mafundi wa zamani wa Birmingham na Liège hawakuunganisha mitutu na mtambo kwa kubahatisha. Fundi alipaka masizi ya taa, akafunga, akafungua, akatazama masizi yamegusa wapi, akapitisha tupa hapo tu, kidogo, kisha akapaka tena. Kazi ya siku nyingi. Ndiyo maana hata bunduki mbili za fundi mmoja, za mwaka mmoja, hazibadilishani mitutu hivi hivi. Nanyi mnataka kumaliza jioni moja, kwa tupa ya kunolea jembe na kipande cha kopo cha kuzibia ulegevu! Nawaelewa. Shamba linaliwa, mfuko mtupu, na cha bei rahisi kinashawishi. Baba zenu walishawishika vilevile.

Kuna jambo jingine lisiloonekana kwa macho. Mitutu ya zamani mingi ina chemba ya milimita 65, na risasi za siku hizi nyingi ni za milimita 70. Risasi ndefu haigomi kuingia, kwa sababu urefu huo hupimwa ganda likiwa limeshafunguka. Ukifyatua, ganda linakosa nafasi ya kukunjuka, njia ya marisau inabanwa, mgandamizo unapanda. Unaweza kufyatua leo ukapona, kesho ukapona, ukawaambia wenzako mzee anatia watu woga. Huku chuma kinachoka, na anayeshika mitutu kwa mkono wa kushoto ni wewe.

Geuza mitutu utazame mihuri iliyo chini yake. Birmingham wana nyumba ya kupimia bunduki tangu 1813: hufyatua risasi kali kuliko ya kawaida, ikistahimili ndipo wanagonga muhuri. Muhuri huo ni wa mitutu ikiwa kwenye mtambo wake. Ukiihamishia kwingine, hausemi lolote juu ya hicho ulichokiunda.

Basi anzia polisi, maana Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 haikuachi ununue na kutengeneza kienyeji. Halafu tafuta fundi mwenye leseni. Anaweza kukuambia kuna njia ya kukata mitutu mibovu, kubakiza kipande chake cha nyuma kinachokaa kwenye mtambo, na kupachika mirija mipya humo. Akisema gharama imepita thamani ya bunduki yenyewe, usimnunie. Isalimishe, uombe kibali cha nyingine.