Kalamu ya bili hospitalini: rizki au mtego?

Ijumaa moja baada ya sala, mtoto wa kaka yangu alinisubiri nje ya msikiti wetu hapa Kirumba, Mwanza. Kijana huyu amemaliza kidato cha sita na huu ni mwaka wa pili yuko nyumbani. Aliniamkia, kisha akanionyesha tangazo la kozi ya kuandaa bili za hospitali. Tangazo hilo linaahidi kwamba atakayefuzu atafanya kazi za hospitali za Marekani akiwa sebuleni kwake.

"Ba'mdogo," akaniuliza, "hii ni kazi ya maana kweli, au ni kukaa dirishani kuwatoza wagonjwa fedha?"

Sikumjibu palepale. Ndugu msomaji, nimeona tulijadili swali hili pamoja, maana linawahusu vijana wengi.

Kwanza tuijue kazi yenyewe. Hospitali za Serikali hapa nchini zilikuwa zikitibu bila malipo mpaka utaratibu wa kuchangia gharama ulipoanza mwaka 1993. Baadaye Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulianzishwa kwa Sheria Namba 8 ya mwaka 1999, ukaanza kazi mwaka 2001 kwa watumishi wa Serikali. Mtumishi anakatwa asilimia 3 ya mshahara na mwajiri anaongeza asilimia 3. Mwenye kadi anatibiwa na kusaini fomu. Hospitali inakusanya madai na kuyapeleka kwa Mfuko, nao unakagua, kisha unalipa au unakata. Kati ya daktari aliyetibu na Mfuko unaolipa, kuna mtu amekaa na kalamu, na siku hizi na kompyuta.

Mtu huyo huyageuza maandishi ya daktari kuwa namba. Ipo orodha ya kimataifa ya magonjwa, ambayo chimbuko lake ni kazi ya Mfaransa Jacques Bertillon ya mwaka 1893, na leo inasimamiwa na Shirika la Afya Duniani. Katika toleo lake la kumi, kipindupindu ni A00 na kichocho cha matumbo ni B65.1.

Hebu tukichukue hicho kichocho, ugonjwa tunaoujua vizuri sisi wa kando ya Ziwa Victoria. Mvuvi wa Igombe anakwenda hospitali akilalamika tumbo. Kipimo cha choo kinaonyesha mayai ya kichocho, daktari anaandika hivyo na mgonjwa anapewa dawa. Lakini karani mvivu anaingiza R10, yaani maumivu ya tumbo, kwa kuwa ndiyo namba aliyoizoea. Mvuvi ametibiwa, lakini kumbukumbu imepotoka. Wakiandikwa mia moja namna hiyo, taarifa ya wilaya itaonyesha kwamba kichocho kimepungua Igombe, kumbe watu wanaumwa. Hakuna aliyesema uongo kwa ulimi, lakini uongo umeshaandikwa.

Ndiyo maana nasema namba hiyo ni ushahidi. Na sisi Waislamu hatuna udhuru wa kuidharau kazi ya mwandishi. Aya ndefu kuliko zote ndani ya Qur'an, ya 282 katika Suratul Baqarah, inazungumzia deni, na inamtaja mwandishi waziwazi: aandike kwa uadilifu, na asikatae kuandika maadamu Allah (SW) amemfundisha. Madai ya bima ni deni, kwa kuwa hospitali imetoa huduma na Mfuko unadaiwa. Basi anayeliandika anafanya kazi iliyopewa uzito katika Kitabu.

Lakini hapa ndipo mtego ulipo. Kalamu hiyohiyo inaweza kuandika kipimo ambacho hakikufanyika, au dawa ya bei kubwa ilhali mgonjwa ametoka na ya bei ndogo. Tunajua pale Mwaloni muuza dagaa anavyolibonyeza debe kwa ndani ili lipokee kidogo, na sote tunamlaani. Suratul Mutaffifin imeanza kwa kuwaonya watu wa namna hiyo. Sasa, bili iliyotiwa chumvi ina tofauti gani na debe lililobonyezwa? Tofauti ni kwamba mwenye debe anamwibia mnunuzi mmoja aliyesimama mbele yake. Mwenye bili anawaibia maelfu asiowaona: mwalimu wa Sengerema na muuguzi wa Ukerewe wanaokatwa mshahara kila mwezi.

Wapo wanaosema, "Hiyo ni fedha ya Mfuko, si ya mtu." Maneno haya ni hatari. Hospitali na Mfuko wakivutana, anayeumia ni mgonjwa. Machi 2024 zipo hospitali binafsi zilizositisha kuwahudumia wanachama wa Mfuko huo kwa kutokubaliana na bei mpya, na watu wenye kadi halali wakajikuta hawana pa kutibiwa. Ugomvi ule ulikuwa wa bei, lakini ulitufundisha kwamba fedha hizo zina wenyewe, na wenyewe ni wagonjwa.

Niruhusu nitoe kisa kimoja. Miaka kadhaa iliyopita nilimpeleka mama yangu katika hospitali moja ambayo sitaitaja. Tulipewa fomu asaini, na sehemu ya dawa ilikuwa tupu kabisa. Mama alikuwa amechoka, akashika kalamu. Binti wa meza ya bima, ambaye hata umri wa miaka thelathini sidhani kama alikuwa ameufikia, akamzuia mkono. "Mama, subiri kwanza kijazwe ulichopewa, ndiyo usaini." Mwenzake akamkata jicho. Nilielewa kwamba pale ndani kuna mazoea, na binti yule alikuwa akiyakataa peke yake, bila shaka kwa gharama fulani.

Aya ile ya deni imeliona hata hilo, kwani inaagiza kwamba mwandishi na shahidi wasidhuriwe. Kwa hiyo jukumu si la karani peke yake. Mwenye hospitali anayemtisha karani aongeze tarakimu naye ana sehemu yake katika dhulma.

Kuna watakaouliza kama bima yenyewe ni halali. Wanazuoni wamelijadili sana. Baraza la Kimataifa la Fiqhi lililoko Jiddah, mwaka 1985, lilikataza bima ya kibiashara na kuruhusu ya ushirikiano. Nani yuko upande upi, kijana amuulize shekhe wake kabla ya kuomba ajira. Lakini popote atakapoandika, wajibu wa kuandika kweli haubadiliki.

Basi nilimjibu hivi mtoto wa kaka yangu. Kazi hii ina maana, na mahitaji yake yataongezeka, kwa kuwa Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023. Lakini tangazo lile aliweke pembeni. Marekani ina bima zake na sheria zake, na cheti cha mtandaoni peke yake si ajira. Atafute chuo kilichosajiliwa na NACTVET, asome utunzaji wa kumbukumbu za afya, ajue magonjwa na si kubonyeza kompyuta tu, maana kazi ya kubonyeza tu hata programu inaweza kuifanya.

Kisha nikamwambia ajiulize jambo moja kabla ya kulipa ada: siku bosi atakapomwambia, "Ongeza kipimo hapo, hakuna atakayejua," na kodi ya chumba inadaiwa, atasema nini? Kama anajiona ataweza kusema hapana, basi aende, hospitali zinamhitaji mno. Kama hana hakika, ni heri atafute kwanza rizki kwingine, hata kwa kuuza dagaa Mwaloni, ilimradi debe lake liwe zima.

Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Ba'mdogo, hilo hawakuliandika kwenye tangazo."

Kweli, hawakuliandika. Wallahu a'lam.