Kesi Ikingoja Katiba

Katika miteremko ya Kilimanjaro, mfereji ukibomoka maji hufungwa kwanza, ndipo ukarabatiwe. Lakini migomba iliyo chini haiyajui matengenezo, huijua kiu tu. Ndivyo ilivyo kesi ya jinai inaposimamishwa kungoja uamuzi wa kikatiba.

Hoja ya kusimamisha ina uzito. Sheria ikishukiwa kuivunja Katiba, kumhukumu mtu kwayo ni kupimia mizani isiyokaguliwa. Ndiyo maana sheria ya mwaka 1994 humtaka hakimu wa mahakama ya chini kulipeleka swali la namna hiyo Mahakama Kuu, ila akiliona la upuuzi au usumbufu.

Lakini gharama ya kungoja hulipwa na nani? Agosti 2020 wanaume wawili walikamatwa Rau Madukani, Moshi. Julai 2021 Freeman Mbowe, mwenyekiti wa Chadema wakati huo, akaunganishwa nao katika mashtaka ya ugaidi yasiyo na dhamana. Ilidaiwa njama ilipangwa hotelini wilayani Hai. Walikana. Shauri la kikatiba la Mbowe lilitupwa Septemba 2021, na tarehe 4 Machi 2022 mashtaka yakaondolewa. Lau kesi ingesimama hadi shauri liamuliwe, wangengoja wakiwa mahabusu.

Kawia ufike, walinena wahenga. Wakanena pia kuwa ngojangoja huumiza matumbo. Methali hizi hazipingani: ya kwanza yamfaa aliye njiani, ya pili aliyefungiwa. Kusimamisha kesi pasipo dhamana ni nusu ya haki. Afungaye maji hana budi kumwachia wa chini mtungi.