Mwalimu, ripoti ya mtoto ni ushahidi



Siku ya kufunga shule, nyumba nyingi za mijini hubadilika. Mtoto aliyetoka asubuhi na sare iliyopigwa pasi hurudi mchana na karatasi, na karatasi hiyo ndiyo itakayoamua kama jioni ile kutakuwa na soda au fimbo. Tunaiita ripoti. Ndani yake mna alama za kila somo, mna nafasi aliyoshika mtoto, mna tarehe ya kufungua shule na deni la ada kama lipo. Chini kabisa pana mistari miwili ya maoni ya mwalimu wa darasa.

Leo nataka tuzungumze juu ya mistari ile miwili, na juu ya namna tunavyoitangaza habari ya mtoto mbele za watu. Swali langu ni hili: mwalimu anapoandika habari ya mtoto wa mwenzake na kuisoma hadharani, je, anafanya kazi ya ofisi tu, au anatoa ushahidi ambao ataulizwa na Allah (SW)?

Nianze na kisa changu mwenyewe, wala si cha kujivunia.

Nafundisha maarifa ya Uislamu katika shule moja ya msingi hapa Dar es Salaam, na pia ni mwalimu wa darasa. Mwaka mmoja, siku ya kufunga muhula wa kwanza, wazazi walikaa kwenye viti vya plastiki chini ya turubai, watoto wakapangwa mistari mbele yao. Baada ya dua na hotuba fupi, kila mwalimu wa darasa alisimama kusoma matokeo kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Nami nilisimama. Darasa langu, la nne, lilikuwa na watoto 48. Majina kumi ya mwanzo niliyasoma kwa furaha, watu wakaleta takbira. Nilipofika ishirini takbira zilikuwa zimekoma. Nilipofika arobaini watu walishaanza kunong'onezana. Hatimaye nikalitaja jina la 48. Mtoto wa kiume akatoka mstarini kuja kuchukua ripoti yake, kichwa kimeinama, na mwenzake mmoja akasema kwa sauti, "Kama kawaida yake!" Watu wakacheka. Nami, Allah anisamehe, nilitabasamu.

Mkutano ulipokwisha, mama yake akanifuata ofisini. Ni mama anayedamka kila siku kwenda Feri kununua samaki, akawakaange na kuwauza mtaani kwake, na ada ya mwanawe huileta kidogo kidogo. Nilidhani amekuja kuomba muda wa kumalizia ada. Kumbe alikuwa na bahasha yenye ripoti zote saba za mwanawe tangu darasa la kwanza. Akazipanga mezani, akasema: "Ustadh, hebu nisomee hapa alipoandika mwalimu."

Nikasoma ya kwanza: Ongeza bidii. Ya pili: Ongeza bidii. Ya tatu: Ana nidhamu, aongeze bidii. Nikaendelea hivyo hivyo mpaka ya saba, niliyoiandika kwa mkono wangu: Ongeza bidii.

Akaniambia: "Mwanangu yuko darasa la nne. Juzi nimempa karatasi ya dawa za bibi yake anisomee, hawezi. Hajui kusoma hata neno moja. Nyinyi mlikuwa mnalijua hili?"

Nilinyamaza, maana nilikuwa nalijua. Tangu mwezi wa pili nilishagundua kwamba anachofanya ni kukariri yale wanayosoma wenzake. Zamu yake ya kusoma ilipofika nilikuwa namruka ili kipindi kisipotee.

"Basi kwa nini hamkuniambia mimi, mkaja kuwaambia watu wote kwamba ni wa mwisho?"

Ndugu msomaji, nimesoma chuo kikuu, nimekaa na masheikh, lakini sikuwa na jibu la kumpa mama yule. Katika sentensi yake moja alikuwa ametaja makosa mawili. Yule aliyekuwa na haki ya kujua tulimficha, na wasiokuwa na haki hiyo tuliwatangazia.

Kuficha ushahidi

Tuanze na kosa la kwanza. Qur'an inatukataza kuficha ushahidi, na inasema kwamba mwenye kuuficha moyo wake unaingia katika dhambi (2:283). Inatuamrisha tusimame na uadilifu tuwe mashahidi kwa ajili ya Allah, hata kama ushahidi huo unatugeukia sisi wenyewe, wazazi wetu au jamaa zetu (4:135). Wengi tukizisikia aya hizi huwaza mahakama, mikopo na mirathi. Lakini shahidi ni yule aliyekuwepo akaona, na akategemewa na asiyekuwepo. Mzazi hayupo darasani. Amemkabidhi mwalimu mtoto wake kutwa nzima, na ripoti ndiyo nafasi yake ya kuuliza: umeona nini?

Kumjibu "ongeza bidii" si uongo, lakini ni jibu lisilosema kitu. Tena lina dhulma ndani yake, kwa sababu mzigo wote linamtwika mtoto. Huenda tatizo ni macho, na ubao hauoni vizuri. Huenda ni masikio. Huenda aliugua darasa la kwanza herufi zikampita, na hakuna aliyerudi nyuma kumchukua. Huenda tatizo ni mwalimu mwenyewe. Ndiyo maana ushahidi huu ni mgumu: nikiandika kwamba mtoto hajui kusoma, najishuhudia na mimi niliyekuwa namruka.

Katika hili kila mwalimu aisome tena Sura ya Abasa. Allah alimkumbusha Mtume wake (SAW) kwa sababu ya Ibn Umm Maktum (RA), kipofu aliyekuja kutaka kufundishwa wakati Mtume ameshughulika na wakubwa wa Kiquraishi akitaraji wasilimu. Kama Mtume, pamoja na nia yake njema, alikumbushwa, sisi tunaowageukia watoto wepesi wa kushika na kuwapa mgongo wazito tutajitetea kwa lipi?

Kutangaza aibu

Kosa la pili ni kutangaza. Wapo wanaosema kwamba mtoto ameshika mkia kweli, na ukweli hauna kosa. Mtume (SAW) alishatufunga mlango huu. Alipowafafanulia Masahaba kwamba kusengenya ni kumtaja ndugu yako kwa analolichukia, aliulizwa itakuwaje ikiwa jambo hilo analo kweli. Akajibu kwamba akiwa nalo ndiyo umemsengenya, na kama hana umemzulia. Kwa hiyo ukweli peke yake hautoshi kuwa ruhusa ya kusema. Na atakayesema kwamba ile si ghiba kwa kuwa mtoto mwenyewe alikuwepo, basi ajiulize kama kumfedhehesha mtu mbele ya macho yake ni jambo jepesi zaidi, na Qur'an imekataza watu kuchekana (49:11).

Wanazuoni, akiwemo Imam Nawawi, wameeleza sehemu ambazo kutaja aibu ya mtu kunaruhusiwa, na mojawapo ni kutoa nasaha kwa anayehitaji kujua. Hapo ndipo penye mizani. Maneno yale yale, "mtoto huyu hajui kusoma", yakisemwa ofisini kwa mama yake ni nasaha na ni wajibu. Yakisemwa chini ya turubai ni fedheha, kwa sababu jirani aliyekaa kiti cha nyuma hana la kumsaidia mtoto yule zaidi ya kumcheka.

Tutazame pia namna Mola wetu atakavyotuhesabu. Katika hadithi ya Ibn Umar (RA), iliyomo katika Bukhari na Muslim, Mtume (SAW) ameeleza kwamba Siku ya Kiyama Allah atamsogeza muumini karibu naye, amsitiri, kisha amuulize dhambi zake moja baada ya nyingine. Mja atakiri mpaka adhani ameangamia. Hapo ataambiwa kwamba Allah alimsitiria dhambi hizo duniani, na leo anamsamehe. Wanaotangazwa na mashahidi mbele ya viumbe wote ni wale waliomsingizia Mola wao uongo. Sasa mtoto wa miaka kumi aliyeshindwa hesabu za kugawanya amemsingizia nani uongo hata atangazwe?

Hoja ya ushindani

Wenzangu walimu waliniambia: "Ustadh, dini yenyewe imeamrisha kushindana." Ni kweli, Qur'an inatuhimiza tushindane katika mambo ya kheri (2:148). Sipingi zawadi. Mtoto aliyejitahidi apongezwe, wazazi wake wafurahi. Lakini kumpongeza wa kwanza hakuhitaji kumtaja wa mwisho.

Isitoshe, tuipime hiyo nafasi yenyewe inasema nini. Mtoto wangu alikuwa wa 48. Laiti watoto watano waliokuwa mbele yake wangehama shule, angekuwa wa 43 bila kujifunza herufi hata moja. Na hata watoto wote 48 wangekuwa wanasoma kama maji, bado yupo ambaye angekuwa wa mwisho. Nafasi humweleza mzazi habari za watoto wa wenzake. Anachotaka kujua ni kama wa kwake anasoma.

Hata ngazi ya taifa jambo hili limeangaliwa upya. Januari 2023, lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2022, Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha ule utaratibu wa kutaja shule kumi bora na wanafunzi kumi bora. Ikiwa baraza limeona hakuna haja ya kuwapanga hadharani hata walioshinda, sisi twang'ang'ania kuwapanga hadharani walioshindwa ili iweje?

Na hapa niguse jambo moja linalozihusu baadhi ya shule zetu za kulipia, zikiwemo zenye majina ya Kiislamu. Siku ya kufunga husomwa orodha ya wanaodaiwa, na ripoti za watoto hao huzuiwa. Shule ina haki ya kudai ada yake. Lakini deni ni la mzazi, na Qur'an imesema nafsi haibebi mzigo wa nafsi nyingine (6:164). Aitwe mzazi adaiwe. Mtoto asisimamishwe mstarini kwa deni asilolikopa.

Wazazi nao

Lawama zote si za walimu. Swali la kwanza la wazazi wengi ni moja: "Wa ngapi?" Wapo wasiofungua hata ukurasa wa ndani. Wapo wanaomtuma dada wa kazi kuchukua ripoti, kisha jioni wanashika fimbo kwa karatasi ambayo hawakumuuliza mwalimu maana yake. Mzazi, nenda mwenyewe. Muulize mwalimu maswali matatu: mwanangu anaweza nini, hawezi nini, na mimi nifanye nini likizo hii. Akikujibu "aongeze bidii", usiondoke. Muulize: bidii katika lipi?

Muhula uliofuata nilimwomba mwalimu mkuu aniruhusu, kwa darasa langu tu, nisisome nafasi hadharani. Nilitaja watatu wa mwanzo, na ripoti zote nikazitoa ndani ya bahasha, mzazi mmoja mmoja. Katika kila ripoti niliandika majibu ya maswali yale matatu. Niliweka dakika tatu kwa kila mtoto. Kwa watoto 48 ni dakika 144, yaani haizidi saa mbili na nusu. Kwa miaka nilikuwa nasema kazi hii haiwezekani! Baadhi ya wazazi walilalamika kwamba darasa langu limekuwa laini, na madarasa mengine yaliendelea kusoma majina mpaka la mwisho. Sijawashinda wenzangu kwa hoja, na huenda wengine wanaosoma makala hii hawatakubaliana nami.

Kuhusu mtoto yule, kila siku baada ya vipindi alikaa saa moja na watoto wa darasa la pili kujifunza silabi. Mwanzoni aliona aibu, baadaye akazoea. Mwisho wa mwaka nafasi yake ilikuwa ile ile, ya 48. Kama ningeisoma chini ya turubai, watu wangecheka tena na wasingejua lolote. Lakini mama yake alipofungua bahasha hakunipa mimi nimsomee. Alimpa mwanawe. Akaweka kidole chini ya mstari, akasoma polepole, akikwama na kuanza upya: "Anasoma sentensi fupi. Bado hesabu za kugawanya. Likizo asome ukurasa mmoja kila siku mbele ya mama."

Ndugu zangu walimu, Qur'an inatuambia kila mtu atatolewa kitabu chake na kuambiwa akisome mwenyewe (17:13-14). Ndani ya vitabu vyetu zitakuwemo pia ripoti tulizowaandikia watoto wa watu. Muhula ujao, kabla hujaandika "ongeza bidii", mkumbuke kwanza mtoto mwenyewe kwa sura. Ukishindwa kumkumbuka, hapo ujue ni nani anayetakiwa kuongeza bidii.

Wabillahi tawfiq.