Eli Alimsoma Hana Vibaya

Kuna kompyuta zilizoundwa bila tundu lolote la skrini. Mojawapo ni vibao vya apu vya kampuni ya PC Engines ya Uswisi, ambavyo watu wengi wamevitumia kulinda mtandao wa nyumbani au wa ofisi. Ukitaka kukiwekea kibao hicho mfumo endeshi, tuseme OpenBSD, unachomeka flashi yenye mfumo, kisha unakiunganisha na kompyuta yako kwa kebo ya siriali. Maongezi yote yanapita humo, maandishi matupu, herufi baada ya herufi. Hakuna picha, hakuna cha kubofya. Mashine inauliza, unajibu.

Kebo yenyewe lazima iwe ya kupishana: waya wa kusemea wa upande huu uishie kwenye waya wa kusikilizia wa upande ule. Ukichukua kebo iliyonyooka, mdomo unaelekea mdomo na sikio linaelekea sikio, na hapasikiki kitu. Nimekaa kwenye vikao vya usuluhishi wa ndoa vilivyokuwa hivyo hivyo, lakini tuliache hilo.

Linalonishika zaidi ni kasi. Katika kebo hiyo hakuna waya wa kupigia mapigo ili pande mbili ziende pamoja. Kila upande unahesabu kwa saa yake, kwa hiyo lazima kasi iwe imekubaliwa kabla. Kibao cha apu huongea kwa biti 115200 kwa sekunde. OpenBSD ikiachiwa mazoea yake itatumia 9600. Ndiyo maana mfungaji, mara tu mfumo unaposimama kumsubiri mwanzoni kabisa, huandika stty com0 115200, halafu set tty com0. Akiisahau ile amri ya pili, mfumo utawaka vizuri tu lakini utaongea na skrini isiyokuwepo. Akiisahau ya kwanza, ataona takataka: alama za ajabu, herufi zisizofuatana, mistari iliyokatika.

Sasa angalieni takataka zile zinatoka wapi. Hakuna aliyezituma. Mashine imesema maneno yake sawasawa, kila herufi ikiwa na biti yake ya kuanzia na ya kumalizia. Kilichoharibika ni usomaji, na kimeharibika upande wa msomaji, ambaye anasoma kwa mwendo wake mwenyewe. Na hakuna kengele itakayolia kumwambia hivyo. Asiye mzoefu huishia kusema kibao ni kibovu.

Ndivyo alivyosoma kuhani Eli. Alikuwa ameketi mlangoni pa hekalu kule Shilo, akamtazama mwanamke aitwaye Hana akiomba. Midomo inacheza, sauti haitoki. Eli alikuwa na kipimo chake cha jinsi mtu anavyoomba, na kwa kipimo hicho akasoma ulevi. Akamwambia aache divai. Mwanamke mwenye uchungu wa miaka, mbele za Mungu, anaambiwa aache divai! Na huyu si mpita njia, ni kuhani, mzoefu wa kazi. Sisi tunaotembelea wagonjwa na wafiwa tunalijua kosa hili kwa karibu: mama anayecheka msibani tunasema hana uchungu, kijana anayejibu kwa neno moja tunasema ana kiburi.

Turudi kwenye kebo, kuna jambo jingine. Unapoandika herufi, ile unayoiona kwenye skrini yako kwa kawaida si ile uliyoibonyeza. Imesafiri hadi kule, mashine ikaipokea, ikakurudishia. Unachokisoma ni kile ilichosikia. Ukiona jina ulilokipa kibao limetokea vilevile, umejua limefika. Mchungaji anayesema, “Nikikuelewa vizuri, unasema hivi,” anafanya kazi hiyo hiyo, na mara nyingi atasahihishwa, na ni heri asahihishwe.

Ila inapofika zamu ya nywila, hairudishi chochote. Unaandika na skrini imebaki tupu. Wageni wa kazi hii hudhani kebo imechomoka, wakabonyeza tena na tena. Kumbe imesikia kila herufi, isipokuwa neno hili si la kurudishwa mahali ambapo jicho jingine linaweza kulisoma. Wazee wa kanisa, hapo tungekaa kidogo. Yapo tuliyoambiwa vyumbani ambayo yalitokea kwenye maombi ya pamoja Jumatano, yamevaa nguo za kuombeana.

Eli aliporekebishwa hakubisha. Hana alimweleza kwamba hakuwa amelewa, kwamba alikuwa akiimimina nafsi yake kwa Bwana. Haja yenyewe, ya kupata mtoto, hakuitaja, na Eli hakuidai. Alimtakia amani, akamwomba Mungu wa Israeli ampe alichokiomba, bila kujua ni nini. Hana akaenda zake akala chakula, uso wake ukabadilika, siku ile ile, wakati bado hana mtoto.