Moshi wa Mbali na Haki ya Jirani

Katika kituo cha Zeppelin, kilichojengwa mlimani juu ya makazi ya watafiti ya Ny-Ålesund, kwenye pwani ya visiwa vya Svalbard, hewa hubeba salfati na masizi kwa wingi kuanzia mwishoni mwa majira ya baridi hadi Aprili. Chembe hizo, yaani vijipande vya yabisi au kimiminika vinavyoelea hewani, hutoka zaidi katika viwanda na mioto ya Ulaya na Asia ya kaskazini, nazo hudumu kwa kuwa hewa baridi hutulia karibu na ardhi na mvua ya kuziangusha ni haba. Kiangazi kikifika, manyunyu huziondoa, na mahali pake huibuka chembe changa, ndogo mno, zinazotokana kwa sehemu na gesi ya salfa itokayo kwa viumbe vidogo vya mwani baharini; na hizi hakuna wa kulaumiwa kwazo.

Je, dhima ya aliyetoa moshi huisha pale mvua inapousafisha? Baadhi ya wanafiqhi, yaani wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, waliuhesabu moshi wa tanuri unaomfikia jirani kuwa dhara ambalo mtu huweza kuzuiwa asilitende hata ndani ya ua wake. Huko kaskazini ujirani hauletwi na ukuta bali na upepo, lakini Wainuit na Wasami, wenyeji wa Aktiki, wanaishi huko, na haki yao haipungui kwa kuwa mdhuru hawaoni. Tena, kusafishwa kwa hewa ni kuhamishwa kwa uchafu tu, kwani masizi yakitua juu ya theluji huifanya ifyonze mwanga zaidi na kuyeyuka mapema.

Mafundisho ya Uislamu yanashikilia kwamba toba peke yake haifuti haki ya mja mpaka arudishiwe au asamehe. Salfati za baridi zilipungua Aktiki tangu miaka ya 1990, kwa sehemu kwa sababu viwanda vya uliokuwa Umoja wa Kisovieti viliporomoka, na kwa sehemu kwa sababu mataifa yaliyosaini itifaki ya Helsinki ya 1985 yalijifunga kupunguza salfa. Ala za vipimo haziwezi kutenganisha nafuu hizo mbili, ila maadili lazima yazitenganishe, kwa maana ni ile ya pili tu inayoweza kuitwa kurudisha haki.