Mkuki kwa Nguruwe: Makofi Yetu Mbele ya Damu ya Sinema

Kuna swali ambalo watu wazima hutuuliza sisi vijana kwa ukali, nasi huwajibu kwa kicheko: kwa nini mnashangilia mtu anapochinjwa kwenye sinema? Wao wakiuliza wanakuwa wameshajipa jibu, kwamba tumeharibika. Sisi tukicheka tunakuwa tumeshajipa letu, kwamba wazee hawajui raha. Hivyo swali lenyewe linabaki barabarani kama mtoto asiye na mwenyewe. Leo naomba tuliokote.

Tuchukue filamu moja ambayo wengi tumeiona, iwe kwenye mkanda wa zamani, kibanda cha video au simu ya mkononi: Braveheart, aliyoiongoza na kuicheza Mel Gibson mwaka 1995. Inakaribia saa tatu. Inamhusu William Wallace, Mskoti aliyeinua panga dhidi ya mfalme wa Uingereza, Edward wa Kwanza, mwishoni mwa karne ya 13. Humo shingo zinakatwa, mikuki inapenya vifua vya farasi na watu, vichwa vinapasuliwa kwa rungu la chuma. Filamu hiyo ilipata tuzo 5 za Oscar, pamoja na ile ya filamu bora na ya mwongozaji bora. Watazamaji waliipenda. Wanahistoria waliishika koo.

Walikuwa na sababu. Vita vya daraja la Stirling, tarehe 11 Septemba 1297, vimechezwa bila daraja! Na daraja ndilo lililowapa Waskoti ushindi, maana Waingereza walivuka wachache wachache wakakatwa njiani. Andrew Moray, aliyeongoza vita hivyo pamoja na Wallace, hayumo kabisa. Zile sketi za Kiskoti zilikuja karne tatu baadaye. Halafu kuna Isabella, binti wa mfalme wa Ufaransa, ambaye kwenye filamu anabeba mimba ya Wallace. Wallace alipouawa mwaka 1305, Isabella alikuwa mtoto wa miaka kumi hivi, bado yuko kwao Ufaransa, na mwanawe Edward wa Tatu alizaliwa mwaka 1312. Mimba ya miaka saba, jamani!

Wapenzi wa filamu hujibu: hii ni sinema, si darasa la historia. Ukitaka daraja nenda kaangalie ramani. Na mimi, kwa hesabu hiyo ya sketi na daraja, niko upande wao. Shakespeare mwenyewe alipindisha maisha ya wafalme apendavyo, na hakuna anayemdai fidia. Mtunzi ana ruhusa ya kukata na kushona.

Lakini ruhusa hiyo ina mpaka, na mpaka wenyewe wahakiki wengi waliuruka wakikimbilia kuhesabu makosa ya mavazi. Naona uongo wa sinema uko wa aina mbili. Upo uongo unaobadili vitu: nguo, tarehe, daraja. Huo haumuumizi mtu. Na upo uongo unaobadili maumivu, unaoamua ni nani akiumia tulie, na ni nani akiumia tucheke. Huo wa pili ndio wa kuuliza.

Hebu tazama. Mke wa Wallace anapokatwa koo mwanzoni, ukumbi mzima unanyamaza. Hata yule mpiga kelele wa benchi la nyuma, anayemwambia stelingi kila mara ageuke kuna adui, anafyata. Baadaye Wallace anamkata koo yule aliyefanya hivyo, na hapo benchi linalia kwa makofi. Koo ni koo, damu ni rangi ileile, lakini moja imetuliza na nyingine imetuchangamsha. Wahenga walishayasema: mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Kazi kubwa ya filamu ya namna hii ni kutuonyesha mapema ni nani nguruwe.

Utasema, lakini yule alistahili, ameua mke wa mtu. Haya, nakubali. Sasa twende kwenye vita vyenyewe. Mwaka 1296 Edward aliuteka mji wa Berwick na maelfu ya watu wakauawa humo. Huo ni unyama, na hasira ya Waskoti ilikuwa ya haki. Lakini baada ya ushindi wa Stirling, Wallace naye aliingia kaskazini ya Uingereza, na vijiji vya wakulima vikachomwa. Wakulima wale hawakuwa wafalme. Na Hugh Cressingham, mtoza kodi mkubwa wa Edward aliyeuawa pale Stirling, wanatarihi wa Kiingereza wa enzi zile waliandika kwamba alichunwa ngozi, na Wallace akajitengenezea mkanda wa kuvalia upanga. Ni kweli mwamba ngoma huvutia kwake, na walioandika hayo walikuwa maadui zake; huenda waliongeza chumvi. Lakini tazama jambo moja: filamu isiyoogopa kuonyesha shingo zikikatwa haikuonyesha ngozi ile. Haikuona aibu kwa damu. Iliona aibu kwa damu ambayo ingemchafua stelingi.

Kuna mahali pengine pagumu zaidi. Mwana wa mfalme amechorwa kuwa kijana legelege, asiyempenda mkewe, anayeandamana na rafiki yake mwanamume. Mfalme anamkamata rafiki yule na kumtupa nje ya dirisha la ngome. Hajaua mtu, hajachoma nyumba. Kosa lake ni alivyo. Filamu ilipotoka mwaka 1995 zilisikika habari za watazamaji kucheka hapo, na huko Marekani watetezi wa watu wanaopenda wa jinsia yao walipinga hadharani. Gibson alijitetea kwamba mfalme ndiye katili, na ukatili wake hauchagui mtu. Sawa. Lakini kama mfalme ndiye katili, mbona tukacheka pamoja naye? Kwa dakika ile tumehama kambi. Tumetoka kwa Wallace, tumekwenda kusimama dirishani pamoja na adui yetu, na hatukujiona tukihama.

Hicho ndicho kinachonitisha kuliko mapanga yote. Panga likishuka unajua unatazama vita. Kicheko hakikupigii hodi.

Sisi huku tunalijua jambo hili vizuri kwa sababu tuna wale watafsiri wa kanda. Watu kama Lufufu wa Dar es Salaam na DJ Afro wa Kenya walijipatia jina kwa kuzisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, wakitia utani wao. Sauti ya mtafsiri ikisema huyu mshamba, mshamba akianguka tunakufa kwa kicheko. Sauti hiyohiyo ikisema maskini, mama yake yuko peke yake nyumbani, benchi zima linapoa. Picha haijabadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni tulichoambiwa kuhusu anayeanguka. Gibson naye ni mtafsiri wa namna hiyo, ila yeye hutumia muziki na mahali pa kusimamisha kamera.

Sasa nije kwenye hoja nzito ya upande wa pili, nisije nikaonekana nimeikwepa. Watasema: watu walioonewa wanahitaji shujaa. Ukianza kumhesabia shujaa ngozi na vijiji alivyochoma, unamsaidia mwonezi. Na shujaa huyu alifanya kazi. Braveheart ilipoonyeshwa Uskoti, chama kinachotaka nchi ile ijitawale kiligawa vikaratasi vyake kwa watu waliotoka sinema. Tarehe 11 Septemba 1997, miaka 700 kamili tangu vita vya Stirling, Waskoti walipiga kura, na asilimia 74 wakataka bunge lao wenyewe. Sitasema filamu ndiyo iliyoleta bunge. Madai hayo yalikuwapo miaka mingi kabla yake. Lakini hakuna anayeweza kusema haikuwasha moto vifuani.

Hoja hii si ngeni kwetu. Ebrahim Hussein aliipanda jukwaani katika tamthilia yake ya Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969. Wengi wetu tuliisoma sekondari kwa ajili ya mtihani, tukaifunga. Tuifungue tena. Wamatumbi na wenzao wanaonewa na Mjerumani, wamegawanyika, na kinachowaunganisha ni imani kwamba maji yatawakinga na risasi. Maji yale hayakuwa kinga. Kinjeketile mwenyewe, aliyenyongwa mwaka 1905, katika tamthilia anaanza kuyatilia shaka. Lakini mwishoni, akiwa mikononi mwa Wajerumani, anakataa kuyakana. Je, uongo unaowaunganisha wanyonge ni uongo au ni silaha? Hussein hakutupa jibu la mkato.

Tofauti iko hapa. Hussein alimpa shujaa wake shaka. Kinjeketile anaumia kwa kujua kwamba neno lake linaweza kuwapeleka watu kaburini, na historia inatuambia kwamba Vita vya Maji Maji, hadi mwaka 1907, viliua makumi ya maelfu ya watu, wengi wao kwa njaa. Wallace wa Gibson hana shaka hata moja. Shaka zote amebebeshwa Robert Bruce, kama vile kuwaza ni udhaifu wa wasaliti. Kwa hiyo mimi sisemi walioonewa wasiwe na shujaa. Nasema shujaa anayejua bei ya damu ni mkubwa kuliko yule asiyeijua. Na mtazamaji aliyeonyeshwa bei hiyo anaweza bado kusimama na kupigania haki yake, ila hatapiga makofi ovyo.

Wazee msifurahi mapema. Sisemi kwamba kijana akitoka kwenye video anakwenda kuua. Wallace halisi aliuawa London, pale Smithfield, tarehe 23 Agosti 1305. Aliburutwa na farasi, akanyongwa nusu, akapasuliwa tumbo, kichwa kikawekwa juu ya daraja la London na vipande vya mwili vikapelekwa miji minne. Mauaji ya namna ile yalifanywa hadharani ili watu waje watazame. Smithfield ya mwaka 1305 haikuwa na kibanda cha video. Na hapa mjini, ikipigwa kelele ya mwizi, wanaokimbilia tairi na petroli si vijana wapenda sinema peke yao. Utamkuta baba wa watu kwenye kanzu, utamkuta mama na kapu la sokoni. Uchu wa kutazama mtu akiumizwa ni wa kale kuliko umeme.

Na hapa nitaisifu filamu niliyoichapa. Mahali pake pazuri kuliko pote ni mwishoni, kwenye mauaji ya Wallace. Umati unamzomea, unamtupia vitu, unacheka. Kumbe sisi tulioshangilia saa mbili na nusu tumewekewa kioo! Wale pale wanafanya tulichokuwa tukifanya, ila safari hii anayechezewa ni mtu wetu. Halafu polepole zomeazomea inakufa. Wanamwona anavyoumia, na wanaanza kumwombea huruma, watu walewale waliokuja kustarehe. Hakuna aliyewahubiria wala kuwapa somo la historia ya Uskoti. Wamemtazama tu kwa muda wa kutosha hadi nguruwe akageuka kuwa binadamu.

Basi jibu langu kwa swali la mwanzo ni hili. Kushangilia damu ya sinema si dhambi. Ile ni rangi, na waigizaji wamelipwa wakaenda kula. Dhambi iko katika kuizoesha mioyo yetu kukubali kila anayeelekezwa kuwa nguruwe, bila kuuliza kaelekezwa na nani. Mazoea hayo hayabaki kwenye benchi la kibanda. Yanatoka nasi hadi barabarani, na siku kelele ya mwizi itakapopigwa tutakuwa tumeshafunzwa kutouliza.

Na kwenu wenzangu wa kalamu, mnaoandika riwaya usiku kwa taa ya jikoni kama mimi. Msiogope kuandika damu. Nchi zetu zina historia yenye damu, na anayeiruka anadanganya. Lakini mnapomuua adui wa shujaa wenu, mpeni kwanza jina, mpeni jambo dogo alilolipenda, hata kama ni kikombe chake cha chai. Kisha muueni kama hadithi inataka. Msomaji akiweza bado kupiga makofi baada ya hapo, itakuwa ni hesabu yake na moyo wake. Mtunzi atakuwa hajamfumba macho.